Gari Lililosomewa Fatiha

Kila Jumatatu na kila Alhamisi, Medina huanza siku yake kwa kuchemsha maji. Humwogesha mama mkwe wake, Kadijah, humvalisha, kisha humfunga miguu kwa kitambaa laini. Miguu ya Kadijah imevimba kwa sababu figo zake zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki lazima apelekwe Arua, damu yake isafishwe kwa mashine. Akikosa mara moja, uso unavimba. Akikosa mara mbili, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Daktari aliwaambia wazi kwamba akikosa mara nyingi atakufa. Hakuna aliyethubutu kumwuliza ni mara ngapi.

Kutoka Koboko hadi Arua ni karibu kilomita sitini. Kwa mtu mwenye afya huo si mwendo wa kulalamikia. Lakini gari la zamani la Abdunoor, mwana wa Kadijah na mume wa Medina, lilipasuka injini mwezi wa tatu, na tangu hapo familia ilitegemea taksi. Dereva wa taksi hamngoji mgonjwa, anangoja gari lijae. Mwezi wa nne peke yake, Kadijah alikosa mashine mara tatu.

Mimi nafundisha watu wazima kusoma hapa Koboko, na Medina ni mwanafunzi wangu. Siku moja alikuja darasani, akakaa nyuma, hakufungua daftari. Nilipomkaribia akaniambia kwamba Mama amechoka kuishi, na yeye amechoka kumzuia asife. Sisi walimu tunapenda kutoa ushauri hata kwa mambo tusiyoyajua. Siku ile nilinyamaza, na nadhani nilifanya vizuri.

Abdunoor aliuza kiwanja chake cha pekee ili anunue gari. Bei ya petroli ilikuwa imemmaliza zamani, kwa hiyo alitaka gari la umeme, la juu, ambalo mgonjwa anaweza kuingia bila kuinama. Arua aliyapata mawili, yote yakiwa yameshatumika. La kwanza lilikuwa jeupe, pana, linang'aa, na ndani lilikuwa na skrini kubwa kama sinia. Muuzaji wake aliitwa Théodore, mfanyabiashara kutoka Kongo. La pili lilikuwa la buluu, dogo, milango imekwaruzwa. Mwenyewe alikuwa mama mmoja, Odile, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akilitumia kubebea vitenge kati ya Ariwara, upande wa Kongo, na Arua.

Mtu wa kuchagua gari katika familia hii ni Swadiki, mdogo wake Kadijah, anayebadilisha fedha mpakani Oraba. Yeye hupiga matairi teke, huwasha injini na kusikiliza, kisha hupakia magunia na kutazama kama gari linakaa chini. Gari la umeme halina injini ya kusikiliza. Basi Swadiki akapakia magunia tu. Jeupe halikushuka hata kidogo, la buluu lilishuka. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Ijumaa baada ya sala, Swadiki aliwakusanya jamaa nyumbani kwa Kadijah. Théodore alialikwa naye, ingawa ni Mkristo. Kahawa ya tangawizi ililetwa, bei ikatajwa, kisha Fatiha ikasomwa. Kwa familia hii, Fatiha ni muhuri. Binti huozwa kwayo, ugomvi humalizwa kwayo. Ikishasomwa, hakuna tena kusema ngoja kwanza nifikiri. Fedha zingelipwa Jumatatu.

Baada ya wageni kuondoka, Medina aliichukua karatasi ya gari jeupe, akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Iliandikwa kwamba betri ikijaa gari linakwenda kilomita mia nne. Kwenda Arua na kurudi ni mia na ishirini. Ilitosha, tena ilizidi. Lakini akasoma pia mwaka uliochapwa chini ya karatasi, kisha akaipeleka kwa Abdunoor.

"Baba ya Zubeda," alimwambia mumewe, "hii namba iko ya wakati gari ilikuwa mupya. Gari iko na miaka saba sasa."

Abdunoor alimjibu kwa ukali. Alimwuliza kama ni yeye atakayekwenda kumwambia Mjomba kwamba mwanamke aliyejifunza kusoma mwaka jana amepata kosa. Lakini maneno ya mkewe yalimkaa Abdunoor, na Jumamosi asubuhi wakaenda wote wawili Arua, kwa fundi anayeitwa Onzima.

Onzima ana karakana chini ya kilima cha Arua Hill, na hutengeneza umeme wa magari na wa pikipiki. Si mtu wa maneno mengi. Kwanza aliwauliza gari litakwenda wapi, mara ngapi kwa wiki, likibeba nani. Abdunoor alishangaa, kwa sababu tangu aanze kutafuta gari hakuna aliyemwuliza hivyo. Walipomweleza, Onzima alisema kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Namba ya kwenye karatasi hupimwa gari likiwa jipya. Betri huzeeka mwaka hadi mwaka. Joto huichosha, na mashine ya baridi ya ndani ya gari huila, na mzigo huila, na mlima huila zaidi.

Waliomba magari yote mawili kwa wenyewe. Onzima alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani wa gari jeupe, akasoma kwenye simu yake. Betri ilikuwa imebakiwa na asilimia hamsini na mbili ya nguvu zake za upya. Akafanya vile vile kwa gari la Odile. Lilikuwa na asilimia tisini.

"Hata hii mashine mutu anaweza kuidanganya," Onzima alisema. "Barabara yenu ndiyo haidanganyi. Tuende."

Walijaza jeupe mpaka asilimia mia. Wakaingia watatu, wakapakia magunia mawili badala ya Kadijah na mizigo yake, wakawasha baridi kwa sababu mgonjwa havumilii joto. Medina alipewa kazi ya kuandika namba kwenye daftari lake la shule. Alipoona namba zinavyoshuka kabla hawajafika nusu ya njia, alitaka kulia. Walipofika Koboko, skrini ile kubwa ilionyesha arobaini na saba.

"Imekula hamsini na tatu," Onzima alisema. "Na hapa sisi nashuka. Arua iko juu. Kupanda itakula zaidi."

Abdunoor alijumlisha kwa vidole, ingawa haikuhitaji vidole. Hamsini na tatu mara mbili inapita mia. Gari lingesimama njiani na mama yake ndani, ametoka kwenye mashine, hana nguvu hata ya kushika kikombe.

Walitaka kulichaji palepale nyumbani. Théodore hakuwa amewapa waya wa kuchajia, alisema utakuja baadaye, basi Onzima akatumia wake. Baada ya nusu saa soketi ya ukutani ikawa moto na plastiki ikaanza kunuka. Onzima aliichomoa haraka. Akawaeleza kwamba gari la umeme halichajiwi kwenye soketi ya kupigia pasi. Linahitaji waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye mita, pamoja na nondo iliyochimbiwa ardhini ya kupeleka chini umeme unaovuja. Bila hivyo nyumba inaweza kuungua.

Abdunoor alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akaweka kichwa mikononi. Kiwanja kimeuzwa. Fatiha imesomwa. Akilinunua jeupe, mama atakufa njiani. Asipolinunua, atakuwa mtu aliyevunja Fatiha mbele ya wazee wote wa Koboko, na mjomba wake ataaibika kuliko yeye. Alisema kwa sauti kwamba ni afadhali asingezaliwa. Medina akakaa kando yake.

Kadijah alikuwa amesikia yote dirishani. Aliomba aletwe nje. Ilichukua muda kumleta, na alipokaa alihema kwanza.

"Wanaume nasoma Fatiha ya gari," alisema. "Hakuna mutu aliuliza mimi, na mimi ndiyo napanda. Kama nakufa kwa barabara, wewe na Swadiki mutasoma ingine. Chukua ile ya buluu."

Hawakulichukua hivyo hivyo. Jumapili walilirudisha jeupe Arua bila mzigo wala baridi ili lifike, wakalijaribu la buluu kwa njia ile ile, kwa magunia yale yale, baridi imewashwa. Kutoka Arua hadi Koboko lilikula thelathini na nne. Kupanda kurudi Arua lilikula thelathini na nane. Zikabaki ishirini na nane. Karatasi yake ilisema kilomita mia mbili na sabini tu, na Swadiki alikuwa ameicheka. Odile aliwaonyesha waya wake wa kuchajia, akawaambia bila kuficha kwamba mlango wa nyuma hufungwa kwa kuvutwa sana. Onzima aliwaandikisha mkataba wenye mwaka wa gari, hali ya betri na jina la vitu vyote vilivyotolewa pamoja nalo. Medina aliusoma mkataba wote kabla ya mumewe kutia sahihi.

Jumatatu asubuhi Abdunoor alimrudishia Théodore funguo na kumwomba radhi. Théodore alikasirika, akapiga simu Oraba. Swadiki hakumpigia mpwa wake. Alimpigia dada yake, akasema maneno machache, na Kadijah alituambia baadaye yalivyokuwa: "Mutu nasoma Fatiha, halafu naenda kuuliza mashine." Kisha Swadiki akakata simu. Idi ikapita bila yeye kufika, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Onzima alikuja Koboko kuvuta waya mpya na kuchimbia nondo. Umeme ukikatika usiku, Abdunoor haogopi sana, kwa sababu amezoea kuchaji kila siku na si kungoja betri iishe. Mama anapokuwa kwenye mashine, gari huchajiwa kwenye karakana ya Onzima, kwa saa nne nzima. Lakini hawaitegemei chaji hiyo. Wanaondoka nyumbani na umeme wa kwenda na kurudi, kila mara.

Tangu mwezi wa tano hadi wa nane Kadijah hakukosa mashine hata mara moja. Ningependa kuandika kwamba alipona. Hakupona. Figo haziponi kwa gari, na mwezi wa nane daktari alimwambia Abdunoor kando kwamba moyo nao umeanza kushindwa. Abdunoor hakumwambia mama yake. Naye Kadijah hakuhitaji kuambiwa.

Alhamisi moja walikuwa wanarudi kutoka Arua, saa tisa alasiri. Walipoingia Koboko, Kadijah alimgusa mwanawe begani.

"Moto ya gari imebaki ngapi?"

"Arobaini na nane, Mama."

"Nipeleke Oraba."

Abdunoor alitazama namba. Kwenda Oraba na kurudi hakufiki kilomita arobaini. Alimgeukia Medina, naye alikuwa ameshapiga hesabu. Wakapita nyumba yao bila kusimama.

Oraba malori yalikuwa yamepanga mstari hadi kwenye kizuizi, yakingoja kuvuka mpaka kwenda Kaya. Swadiki alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake na sanduku la fedha mapajani. Aliliona gari la buluu, akalitambua, akageuza uso. Kadijah hakuweza kushuka. Aliteremsha kioo.

"Swadiki, mimi nachoka. Kuja hapa."

Alikuja polepole, kama mtu anayeitwa na polisi. Alisimama mlangoni akiangalia ile miguu iliyofungwa vitambaa. Hakuwa ameiona tangu mwezi wa tano. Hakutaja Fatiha, wala Théodore. Aliingia nyuma, akauvuta mlango mara mbili mpaka ukafunga, akainua miguu ya dada yake na kuiweka juu ya mapaja yake. Wakaanza kuzungumza Kinubi, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, kuhusu watu waliokwisha kufa.

Nje jua lilikuwa kali, na baridi ya gari ilikuwa inakula umeme. Medina aliitazama namba ikishuka, thelathini na saba, thelathini na sita, thelathini na tano. Alijua kwamba kufika nyumbani wanahitaji kumi na mbili. Hakumwambia mtu yeyote afanye haraka.