Noti ya Saba

Jumamosi ile chai ya saa nne ilikuwa vita. Walimu wa muziki wa jiji la Cali tulikuwa hoi tangu Jumatatu, na bado tumeitwa semina, eti tukajiendeleze. Sinia la pandebono, vile vimkate vya jibini, lilizingirwa mpaka ukabaki mkate mmoja, na mikono miwili ikaudaka kwa pamoja.

"Achia, kaka. Mwenzio nina darasa la watoto arobaini."

"Wangu wana filimbi, dada. Kila mmoja na yake."

Yolima Lucumí akaangua kicheko. "Uwii, pole! Kula wewe, umeteseka zaidi."

Gauni lake lilikuwa la manjano, kiatu kimoja amekivua kwa uchovu, na sauti yake nzito ilimpata Edinson Balanta mahali pabaya. Akaukata mkate nusu kwa nusu.

Baada ya chai walipangwa wawili wawili, kujifunza kuonyesha noti kwa mikono bila kutoa sauti. Ngumi ni Do, noti ya kwanza. Mkufunzi aliiita nyumbani, wimbo unakoishia. Kidole kilichoelekea juu ni noti ya saba, ile isiyotulia mpaka irudi nyumbani. Edinson akainua kidole, akakiacha hewani makusudi.

"We mtu, malizia! Unanitesa!" Yolima akakikunja mwenyewe kikawa ngumi. Mwalimu wa muziki noti hiyo haiwezi. Ni kama chafya iliyokwama.

Ikawa simu kila jioni.

"Niimbie kidogo, mrembo."

"Nimeimba tangu asubuhi, mpenzi. Nimechoka."

"Mstari mmoja tu. Sauti hiyo ndiyo iliyoniua, ujue."

Akaimba. Masikini, akaimba hata koo likiwaka moto, mpaka asubuhi moja alifungua mdomo mbele ya darasa, hakikutoka kitu. Daktari akasema ni vinundu kwenye nyuzi za sauti. Apasuliwe, akae kimya, na kuimba asahau.

Yolima akajiuliza: aliyependa sauti, atabaki na mimi kwa lipi? Edinson alipopiga, alipokea akasikiliza tu.

"Halo? Yolima? Mama, nimekosa nini?"

Akakata, machozi yakimtiririka. Kisha akaandika: *Usinipigie tena.*

Edinson akaamua kuna mwanamume mwingine. *Sawa*, akajibu. Kiburi hicho! Miezi ikapita, kila mmoja analia kwake.

Semina iliyofuata Edinson alimkuta kiti cha nyuma. Gauni lile lile la manjano, sasa linampwaya, na kitambaa shingoni.

"Hujambo, mwalimu. Na huyo bwana wako, hajambo?"

Yolima akamtazama tu.

"Hata salamu siku hizi ni shida?"

Mkufunzi akaamuru wote waimbe kupasha sauti moto. Ukumbi ukanguruma. Yolima peke yake alifumba mdomo. Doña Nohora, mama mtu mzima wa kiti cha jirani, akamgeukia Edinson kwa hasira.

"Unamchokoza nini mgonjwa? Wamempasua koo huyu. Kuimba ndio basi tena!"

Edinson akachuchumaa mbele ya Yolima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema sauti ndiyo iliyokuua." Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo mtupu. "Sasa haipo."

"Loo, mdomo wangu! Nilikuwa natafuta sababu usikate simu, Yolima. Ungenisomea hata bei ya vitunguu, ningesikiliza."

"Nimechoka, Edinson. Sina cha kukupa."

"Na mimi nimechoka. Basi tuchoke nyumba moja. Nikuoe?"

Hakungoja ajikwaruze koo kumjibu. Akainua kidole juu, akakiacha hewani.

Uimbaji ukafa safu kwa safu. Ukumbi mzima wa walimu wa muziki ulikikodolea macho kile kidole, watu wakijikuna shingo.

"Jamani dada, malizia, tunakufa huku!" mmoja akapiga kelele.

Yolima hakukigusa. Alikitazama mpaka mkono wa Edinson ukaanza kuchoka. Ndipo akainua mkono wake mwenyewe, akaukunja ngumi, akamwekea kifuani.