Jiwe la Fredy kutoka Winza

Saa 2:20 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji ya Iddy, Kizota. Nje mafundi walikuwa wanachomelea mageti. Kelele ile iliwafaa.

Hanifu alichora kwa chaki sakafuni. Mlango. Geti la chuma. Chumba cha sefu. Respicius, mnunuzi wa mawe wa Nkuhungu, alikuwa anaruka kwenda Dar saa saba na rubi moja. Saa tano angeitoa kwenye sefu. Hanifu na Bartolomayo wangeingia kama wachimbaji wenye mawe ya kuuza. Iddy angesubiri kwenye gari lake, Noah. Angelina, aliyekuwa anang'arisha mawe ofisini mle, angewafungulia geti, kisha wangemfunga kamba pamoja na tajiri wake ili asishukiwe.

"Shemeji yangu Angelina asiguswe na polisi," alisema Bartolomayo. "Hilo likishindikana, mimi simo."

Hanifu akasema ameelewa.

Hanifu alikuwa mtu wa Mpwapwa, wa ukoo uliofanya biashara tangu enzi za misafara. Bibi yake alimwambia yakuti nyekundu, yaani rubi, haiungui, moto unaizidishia rangi tu, na wafalme waliivaa vitani wasimwagike damu. Aliitamani tangu utotoni. Bartolomayo hakutamani kitu. Alikuwa na hasira.

Miaka mitatu kabla ya hapo alichimba Winza na mdogo wake Fredy. Fredy alitoka shimoni na jiwe jekundu lenye doa la bluu. Kesho yake shimo lilimfukia. Bartolomayo akalipeleka jiwe kwa Respicius, naye akalitazama, akatoa pole, akasema ni ganeti tu, jiwe la bei ndogo. Alichompa kilitosha jeneza na gari la kumfikisha marehemu kwao. Baadaye, eti kwa huruma, akampa mjane wa Fredy kazi. Mjane huyo ndiye Angelina.

Mwezi uliopita jiwe lile lilitua mezani pake. Ganeti huliwa upesi na mashine. Hili liligoma. Alilisugua siku nne, na doa la bluu likabaki chini, dogo kama mbegu ya ulezi. Jioni ya siku ya nne akampigia simu shemeji yake.

Saa 5:04 asubuhi.

Geti likafunguka. Hanifu akamwekea Respicius bastola shingoni. Mzee hakubishana. Akatoa kikaratasi kwenye sefu, ndani yake jiwe jekundu lililokatwa vizuri.

Hanifu akataka waondoke. Bartolomayo akamzuia. Mezani kulikuwa na kijibomba cha kutazamia mawe ambacho Angelina alimfundisha kukitumia: kina vidirisha viwili, na rubi ikitazamwa humo, kimoja huonyesha wekundu wa machungwa, cha pili wa zambarau. Ganeti huonyesha wekundu mmoja kote. Akaliinua jiwe kwenye mwanga wa dirisha. Wekundu ulikuwa mmoja.

"Hili ndilo ganeti," alisema. "Liko wapi lile uliloniambia ni ganeti?"

Respicius akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamkumbuka. Bartolomayo akampiga kofi lililomwangusha juu ya kiti, na mzee akavua kiatu mwenyewe. Jiwe lilikuwa ndani ya soksi. Doa lilikuwepo.

Hanifu akalitia kwenye mfuko wa shati. Akamwambia Bartolomayo atangulie garini, yeye atafunga kamba.

Saa 5:15.

Noah ilikuwa inakimbia kurudi Kizota. Bartolomayo akauliza kama Angelina amefungwa vizuri. Hanifu akacheka kidogo. Akasema hakumfunga. Alimfungia ndani na Respicius, na alimwambia mzee nani aliyefungua geti.

"Polisi wakipata mtu wanatulia," alisema. "Na sisi tunabaki watatu."

Bartolomayo alimrukia. Alimkamata kichwa akakigonga kwenye kioo, mara mbili, tatu, akikumbuka koleo zilizomtafuta Fredy chini ya kifusi. Bastola ikalia. Risasi ikapita kwenye nyama ya mkono wa Bartolomayo, ikatoboa paa. Iddy akafunga breki, akabaki ameng'ang'ania usukani. Hakumsaidia yeyote. Hanifu alilala kitini, pua imevunjika, na Bartolomayo akachukua jiwe, akashuka, akasimamisha bodaboda.

"Nkuhungu," alisema. Dereva aliona damu, akaondoa pikipiki.

Saa 5:38.

Polisi walikuwa wameshafika. Angelina amekaa sakafuni na pingu mikononi. Bartolomayo aliingia mikono juu, akaweka jiwe mezani.

"Huyu mama nilimtishia kumuua," alisema. "Mwizi ni mimi."

Angelina akafungua mdomo. Bartolomayo akamtikisia kichwa, naye akanyamaza, machozi yakimshuka.

Mkuu wa polisi hao, mwanamke wa makamo, akaligeuza jiwe kwa kalamu. Akamuuliza Respicius ni jiwe gani. Mzee alikawia. Akisema ganeti, polisi wangeliandika hivyo, na rubi yake ingepotea kama kokoto.

"Rubi," alisema hatimaye.

"Ulinunua kwa nani?"

Respicius akatazama sakafu.

"Mjibu, mzee," alisema Bartolomayo, pingu walizokuwa wameshamtia zikibana mkono wenye damu. "Mwambie ulinunua kwa nani, na siku ile uliniambia ni nini."

Yule mwanamke akavuta kiti, akamwamuru Respicius akae. Akaagiza Angelina afunguliwe. Bartolomayo wakamtoa nje juani, na hakugeuka nyuma.