Debe la Jiwe Pana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hadiya alimsaidia jirani yao, Mama Paskazia, kuanika dagaa juu ya Jiwe Pana. Jiwe hilo lilikuwa kando kabisa ya ziwa, kubwa kama uwanja wa netiboli, na wanawake wengi wa Nyangulu walianika hapo. Hadiya alirudi nyumbani na dagaa wa mboga kwenye bakuli na harufu yao kwenye sare.

Nyangulu ni mji mdogo, si mbali na Kigongo. Mwaka huo Mwalimu Nestory wa darasa la sita alikuja na jambo jipya. Wanafunzi wangetengeneza njia ya historia, yenye mishale ya rangi nyeupe mtaa kwa mtaa na bango kila penye habari. Mgeni angetembea mwenyewe, bila mtu wa kumwongoza, akisoma.

Kija alipewa kinu cha zamani cha kuchambulia pamba. Hadiya akapewa Jiwe Pana.

"Jiwe!" Kija alicheka. "Utaandika nini? 'Karibuni mnuse dagaa'?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hadiya alicheka nao, lakini moyoni iliuma. Jioni alikaa kitako akatunga: "Juu ya jiwe hili Mtemi Shimba alizungumza na simba, nao wakamtii." Mtemi na simba wake wote aliwatoa kichwani mwake.

"Nani kakusimulia?" Mwalimu Nestory aliuliza.

"Mama Paskazia," Hadiya akajibu bila kupepesa macho. Mwalimu akamwamini, na bango likasimikwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Hadiya haikufika hata Jumamosi ya uzinduzi. Alhamisi alimkuta Mama Paskazia ameinama, akitandaza dagaa kwenye mchanga mtupu.

"Shikamoo, mama. Mbona huku?"

"Marahaba, mwanangu. Mtendaji wa kata kasoma bango. Kasema jiwe la mtemi haliwezi kujaa dagaa, tusimwaibishe yeye mbele ya wageni." Aliokota dagaa mmoja, akampuliza. "Mimi nimezaliwa hapa, huyo mtemi sijawahi kumsikia. Ila nani atanunua dagaa wa mchanga? Jamani, wanangu watakula nini?"

Hadiya alitamani ardhi ipasuke immeze. Akisema ukweli, bango lake litang'olewa na Kija atamcheka mpaka wamalize shule. Akinyamaza, mama huyu atapoteza riziki yake. Machozi yakamlengalenga.

"Mama, ni mimi. Nilitunga. Tena nilisema wewe ndiye uliyenisimulia."

Mama Paskazia alishika kiuno. "Wee mtoto! Kila siku tuko wote pale jiweni, kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona hakuna cha kuuliza."

"Hakuna? Na lile debe?"

Hadiya alilijua. Lilining'inia kwenye nguzo pembeni mwa jiwe tangu azaliwe, na hakudhani kamwe kuwa lina historia.

"Alilitundika bibi yangu," Mama Paskazia alisema. "Wingu likitokea, wa kwanza kuliona analigonga, na wote tunakimbia kuzoa dagaa. Tena tunaanza na dagaa wa asiyekuwepo. Aliyepo ana mikono yake."

Wakaenda pamoja kwa Mwalimu Nestory. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Umenisikitisha, Hadiya," alisema. "Lakini umekuja mwenyewe kusema." Akawapeleka kwa mtendaji, naye akajikuna kichwa. "Kumbe nimewafukuza kina mama kwa ajili ya simba wa kutungwa!" Siku hiyohiyo wanawake wakarudi jiweni.

Jumamosi wageni kutoka Mwanza walifuata mishale hadi penye bango jipya: "Hapa wanawake wa Nyangulu huanika dagaa. Ukisikia debe, mvua inakuja. Kimbia usaidie. Anza na dagaa wa asiyekuwepo." Walisoma, wakatikisa vichwa, wakapita kwenda kupiga picha kinuni kwa Kija. Hadiya akabaki na jiwe lake, amenywea kidogo.

Ghafla upepo ukageuka. Hadiya alitazama ziwani na kuona wingu jeusi. Alilirukia debe akaligonga kwa nguvu zake zote. Wanawake wakatoka mbio majumbani. Nyuma yao, loo, wakaja wageni! Bwana mmoja mwenye tai alitangulia, na mama mmoja alikuja peku, viatu mkononi. Hata Kija alikuwamo.

"Wa asiyekuwepo ni wepi?" yule mama aliuliza, akihema.

"Hawa hapa! Mama Paskazia yuko sokoni!"

Wakazoa, wakasukuma, wakagongana vichwa. Dagaa wa mwisho walipofunikwa turubai, mvua ikamwagika. Mama Paskazia alifika mbio, moyo mkononi, akakuta dagaa wake wakavu na bwana mgeni ana magamba kwenye tai. Alicheka hadi akaketi chini.

Walipojikinga chini ya kibanda, Mwalimu Nestory alimwita Hadiya. "Mgeni anayetembea peke yake hana wa kumuuliza," alisema. "Ana bango lako tu. Ulipoandika uongo, jirani yako alifukuzwa mahali pake. Ulipoandika ukweli, watu wasiomjua wamemkimbilia. Kabla hujaandika neno, kumbuka kuna mtu atakayeliamini."

"Nitakumbuka, mwalimu."

Kija alinusa viganja vyake, akakunja uso. "Nanuka dagaa!"

"Karibu," Hadiya alisema. "Utazoea."