Nywele Chini ya Vitufe

Feri haikuja tena. Upepo ulikuwa umeikatalia, na pale kisiwani Gamado feri isipokuja kila kitu kinasimama: gesi, dawa, bia, mafundi. Ndiyo maana jioni ile, jua likizama nyuma ya vichanja vya kukaushia mwani, Yonsil aliiviringisha kompyuta ya mumewe kwenye taulo, akaikumbatia kifuani na kushuka kilima kwenda kwa Fundi Pyo.

Fundi wa kompyuta hasa yuko Mokpo, ng'ambo. Pyo ni fundi wa redio za boti. Redio zikipungua anatengeneza feni na masufuria ya umeme ya kupikia wali, na safari moja aliunga meno ya bandia ya mwenyekiti wa kijiji kwa gundi ya boti. Mwenyekiti akashindwa kufumbua mdomo hadi jioni. Kijiji kizima kilicheka, na wengine walisema ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya. Lakini ukiwa na shida, utamcheka nani?

Na Yonsil shida alikuwa nayo. Narae, bintiye wa pekee, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelala nyumbani na homa isiyoshuka. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akabadilisha dawa, mwishoni akasema upepo ukitulia tu apelekwe hospitali. Mtoto hali. Mtoto hanywi. Anachotaka ni kimoja: kumwona baba yake kwenye zile video walizojipiga wakicheza kwenye theluji. Na video zimo kwenye kompyuta, na kompyuta haifunguki. Kitufe kimoja kimekwama chini, kinajaza herufi ileile safu kwa safu, huwezi kuandika neno la siri. Hata ukichomeka kibodi nyingine pembeni, kile kilichokwama hakikomi.

"Funga mlango, Mama Narae, upepo unaniibia skrubu," Pyo alisema bila kuinua kichwa. "Haya, umeimwagia nini? Supu?"

"Sijaimwagia kitu."

"Ndivyo mnavyosema wote. Juzi mwenzako kaniletea simu ina kachumbari mpaka kwenye betri. Eti hajui imeingiaje. Labda ilitembea yenyewe."

Yonsil alicheka kidogo, kwa adabu. Pyo akavuta taa karibu, akachukua bisibisi bapa, akakibandua kitufe cha kwanza.

Tak.

Chini yake palikuwa na chumvi, ukoko mweupe.

"Maji ya bahari haya," Pyo alisema. "Si supu."

Akabandua cha pili.

Tak.

Punje ya mchele. Mbichi, imevimba, kana kwamba imeloweshwa leo asubuhi. Pyo akaigusa kwa ncha ya bisibisi na kumtazama Yonsil pembeni. Hakutania tena. Na hapo ndipo harufu ilipoanza... si harufu ya samaki, ile wameshaizoea. Hii ilikuwa harufu ya chini kabisa, ya tope linalopanda na nanga.

Akabandua cha tatu.

Mwanzoni Yonsil alidhani ni uzi. Pyo akachukua kibanio, akaushika, akauvuta polepole. Unywele. Mfupi, mgumu, mweusi, na shina lake jeupe. Ukaning'inia mbele ya taa. Tone la maji likajikusanya kwenye ncha yake, likaanguka mezani.

Kibanio kilimponyoka Pyo mkononi.

"Mama Narae..." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka kuwa pumzi tu. "Hii kompyuta ilikuwepo siku ile?"

Hakuhitaji kusema siku gani.

Gilsu, mumewe Yonsil, alitoka wakati wa baridi kwenda kukagua kamba za mwani. Boti ilionekana. Yeye hakuonekana. Na pale Gamado, bahari ikiushika mwili, watu huenda kuivua roho. Mganga hutia mchele kwenye bakuli, huufunga kwa kitambaa cheupe, huufunga kweli, hata kidole hakipenyi, halafu bakuli hushushwa baharini kwa kamba huku akimwita aliyepotea kwa jina. Likivutwa, kitambaa hufunguliwa. Ukikutwa unywele ndani ya mchele, basi amepanda. Huoshwa kwa maji ya pakanga, yale majani machungu ya dawa, huagwa, huenda zake. Usipokutwa, basi hakupanda; labda hakuwemo humo.

Siku ile mchele ulitoka mtupu. Mganga aliinamisha kichwa. Nusu ya kijiji wakaanza kunong'ona kwamba labda Gilsu yu hai bandari fulani, na mama yake Gilsu alirudi nyumbani uso unang'aa.

"Ilikuwepo," Yonsil alisema. "Tuliiweka kwenye mkeka pamoja na nguo zake. Imefunguliwa, aione aitambue. Si alikuwa anachezea kete humo kila jioni?"

"Na kitambaa alikifungua nani?"

"Mama mkwe. Mganga alikuwa bado na kamba mkononi. Mama ndiye aliyelikumbatia bakuli, akalia, maji yakamwagika kid..."

Akaitazama kompyuta.

Ee Mungu wangu.

"Basi alipanda," Pyo alinong'ona. "Mwenzetu alipanda, akamwagwa humu. Nanyi mkambeba mpaka nyumbani bila kumwosha."

Yonsil aliketi juu ya redio mbovu. Miezi yote ile! Ule unyevu kwenye kizingiti kila asubuhi, akamlaumu fundi wa paa. Nywele za Narae zinazoamka zimelowa, akailaumu homa. Lakini homa gani inaacha jani la mwani kwenye mto? Aliliona kwa macho yake, akalitupa, akajiambia limekuja na viatu. Mtu akitaka kutoelewa, haelewi.

Pyo aliukunja ule unywele ndani ya karatasi nyeupe, akausukuma mezani kwa kijiti. Hakutaka kuugusa tena.

"Mpeleke kwa mganga."

"Mganga yuko ng'ambo. Feri hakuna."

"Basi mwoshe mwenyewe. Leo, kabla hamjalala. Na umwambie aende, Mama Narae. Umwambie kwa mdomo wako. Asiyeoshwa hapendi kuondoka peke yake." Akamfungulia mlango. "Huondoka na anayempenda."

Yonsil alipanda kilima mbio. Upepo ulimpiga kifuani, mwani uliokauka ukichakarisha vichanjani pande zote mbili. Hakugeuka nyuma. Alikuwa na hakika kwamba akigeuka ataona kitu, na mbaya zaidi, kwamba atafurahi kukiona. Maana alimpenda yule mwanamume. Hilo lazima lisemwe. Karatasi ile kifuani ilikuwa ya baridi, na bado aliishika kama alivyokuwa akiushika mkono wa mumewe.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa anafunika bakuli la wali. Kila jioni alifanya hivyo. Alilijaza, akalifunika kwa kifuniko cha shaba, akalisukuma chini ya blanketi kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, kama anavyowekewa mtu aliyechelewa kazini. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Yonsil alidhani mzee huwa anaamka na njaa.

Narae alilala pembeni, mashavu mekundu, anahema haraka haraka.

"Mama," Yonsil alisema. Akaifungua karatasi. "Ulimwona."

Mama mkwe aliutazama ule unywele. Hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu jinsi mama anavyotabasamu akimwona mwanawe langoni.

"Lile shina jeupe alizaliwa nalo," alisema. "Nilimjua hapohapo. Nikamwaga haraka, wasije wakamwona."

"Kwa nini, mama? Kwa nini?"

"Wangemwosha. Wangemfukuza." Midomo ilianza kumcheza. "Mwanangu kanisikia nikimwita kutoka kule chini, kapanda, kaja... halafu nimwambie aende? Wewe ungeweza? Kila usiku anakuja, Yonsil, wewe umelala. Hasemi kitu. Anakula tu, anakaa kidogo, anaondoka."

"Na Narae?"

Mama mkwe akalivuta blanketi juu ya bakuli.

"Mama! Na Narae?"

"Mwanzoni alikuwa hamgusi," mama mkwe alisema, na machozi yakamtoka. "Mwanzoni alikaa mbali. Siku hizi humpapasa nywele. Nikasema... ni baba yake. Baba atamdhuru mwanawe?"

Yonsil angeweza kumpiga. Mkono ulishainuka. Lakini hapo wote wawili walisikia.

Chwa.

Uani.

Chwa... chwa...

Mabuti ya mpira, yamejaa maji.

Sakafu ilipoa. Ile sakafu iliyokuwa na moto chini yake tangu alasiri ilipoa ghafla, nyayo zikauma. Ile harufu ya tope ikaingia chini ya mlango. Mlango wenyewe ulikuwa fremu ya mbao iliyobandikwa karatasi, na kwenye karatasi ile, kivuli. Kimesimama. Hakigongi.

Na Narae, aliyekuwa hawezi hata kuinua kichwa kunywa maji, akaketi.

"Baba," alisema. "Nivae viatu?"

Yonsil hakumbuki alivyofika jikoni. Anakumbuka kishada cha pakanga akikinyofoa ukutani, birika, mvuke, bakuli. Akapiga magoti mbele ya mlango, akautia unywele ndani ya maji, akaanza kuuosha kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyomwosha Narae siku alipozaliwa. Maji yalikuwa ya moto. Unywele haukupata joto.

"Gilsu," alisema.

Kivuli kikainamisha kichwa. Alivyokuwa akifanya siku zote akiitwa na mkewe.

Hapo ndipo alipokaribia kushindwa. Neno lililokuwa mdomoni mwake lilikuwa *ingia*. Ingia, una baridi, vua mabuti, nikukaushe nywele. Miezi yote alilala na neno hilo. Nyuma yake alisikia nyayo ndogo za Narae zikija, tap, tap, kuelekea mlangoni.

"Gilsu, umechoka," alisema, akilia kwa sauti. "Umetufanyia kazi ya kutosha. Mtoto nitamlea. Nakupenda. Nenda. Nenda zako, mume wangu, tafadhali... nenda!"

Kivuli hakikusogea.

Narae alinyoosha mkono kwenye mlango. Upande wa pili wa karatasi, vidole vilinyooshwa pia. Karatasi ikalowa pale vilipogusa.

Ndipo mama mkwe aliposimama. Alivuta blanketi, akalitoa lile bakuli la wali, akalikumbatia.

"Sogea, Narae," alisema kwa upole. Akamshika mjukuu mabega, akainama, akamnong'oneza jambo sikioni, akamrudisha kwa mama yake. Halafu akaufungua mlango kidogo tu, kiasi cha mwili wa bibi kizee mwembamba.

"Twende, mwanangu," Yonsil alimsikia akisema. "Utakula njiani."

Mlango ukafungwa. Chwa... chwa... Na kando ya mabuti yale, viatu vingine, vyepesi. Vikashuka kilima.

Yonsil hakumkimbilia. Alikuwa amemshika Narae kwa mikono yote miwili, na hakuwa na mkono wa tatu. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na sijui kama aliwahi kuliamini hilo. Alikaa pale sakafuni mpaka joto liliporudi. Paji la uso la mtoto lilikuwa limepoa. Amelala, anakoroma kidogo.

Asubuhi upepo ulitulia. Viatu vya mama mkwe vilikutwa gatini, vimepangwa vizuri, ncha zinatazama maji. Walinzi wa pwani walizunguka, wakasema bibi aliteleza gizani. Bakuli halikuonekana. Fundi Pyo aliichukua ile kibodi akaizika juu kilimani, mbali na bahari, na tangu siku hiyo ukimpelekea kitu kilichoingia maji hata kukufungulia mlango hafungui.

Yonsil alihama. Alikwenda kukaa katikati ya bara, mji wa milima, ambako samaki wanafika wakiwa wamegandishwa. Kompyuta iliwekwa kibodi mpya Mokpo, inafunguka vizuri, video zote zimo. Narae hajaomba kuziona hata mara moja. Ni mzima, anakula, anacheza, amenenepa.

Siku moja Yonsil alikuwa anamchana nywele aende shule. Alikuwa amejizuia kuuliza muda wote huo, na sasa swali likamtoka.

"Narae, bibi alikunong'oneza nini jioni ile?"

"Aa, ile?" mtoto alisema, anajifunga kifungo cha koti. "Alisema nisiwe na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kwenda. Alisema nimalize kwanza kukua. Yeye atanishikia nafasi."

Yonsil hakuuliza nafasi iko wapi. Aliendelea kumchana, taratibu, akamfunga utepe, akamshika mkono na kumsindikiza mpaka darasani. Mwalimu alilazimika kumwambia mara mbili kwamba sasa anaweza kuuachia mkono wa mtoto.