Jagi la Kijani la Fundi Ghazanfar

Jirani zangu, nyumba ya Fundi Ghazanfar pale Multan ilikuwa tulivu kama msikiti baada ya alfajiri, na mkewe Shagufta alimshukuru Mola kwa hilo. Kasoro ilikuwa moja tu: dawa ya kazi ya mumewe.

Fundi alitengeneza vibao vya saketi vya redio kwa kuvichovya kwenye maji makali ya kijani yanayokula shaba. Maji hayo yakichoka huwa meusi. Wengine hutafuta mapya. Yeye aliyapulizia hewa kwa pampu ya tangi la samaki mpaka yarudie ukijani. Hilo si kosa, ni ujuzi. Kosa ni kwamba ndoo ilipovuja, aliyahamishia kwenye jagi la sharubati.

"Baba Mehwish, hicho chombo cha jikoni!" Shagufta akamaka.

"Mara hii tu, mama. Yako hoi, acha yapumue."

Akayapulizia mpaka yakarudi kijani, akayaacha barazani na povu lake, akaenda kuoga. Mwanamume huyo!

Alasiri wakaja wageni wa posa kumtazama binti yao Mehwish. Shagufta yuko jikoni anageuza sambusa. Bi Tahmina, mama wa mposaji, joto limemkausha koo na mafua yamemziba pua, akaliona jagi lina povu.

"Mashallah! Sharubati ya nanaa!" Akajimiminia glasi.

"Hiyo ina miaka mitatu!" Fundi akajibu kutoka ndani, akidhani dawa yake inasifiwa. "Kila ikichoka naihuisha!"

"Miaka mitatu? Basi sukari imelala chini." Bi Tahmina akakoroga kwa kijiko cha chuma.

Shagufta, ambaye masikio yake hayasinzii, aliacha sambusa ziungue akatoka mbio.

"Dada, usinywe!"

Glasi ikasimama kabla ya kugusa mdomo. Wote wakakitazama kijiko: kiliingia cheupe, kimetoka chekundu, kama bibi harusi, kimevaa shaba iliyoliwa na maji yale.

Fundi akatokea na taulo begani. "Msiyamwage! Bado yako hai!"

"Yako hai," alisema Bi Tahmina, "mimi ndiye niliyekuwa nakufa."

Nyuma ya pazia Mehwish akaanza kulia, akijua posa imeharibika. Bi Tahmina akaweka glasi chini, akachukua moja ya sambusa zilizoungua alizoletewa na Shagufta, akatafuna taratibu.

"Binti anayeililia posa hii nimempenda, na mama yake zaidi. Ila siku ya harusi, Fundi, wewe usiguse jagi."

Funzo

Kuhuisha kilichochoka si dhambi. Mungu hapendi ubadhirifu. Lakini sumu ipewe chombo chake, alama yake na kufuli lake. Ukiivalisha nguo za chakula, wageni wataikaribisha.