Sakafu Iliyopanda Chini ya Miguu ya Mama

Mama mkwe wangu haoni. Ni mwaka wa sita sasa. Lakini chumbani mwake huwezi kumdanganya. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua saba, na zote anazijua kwa nyayo. Viatu havipendi. Kila asubuhi hutoka peku, hunisalimia, huuliza kama uji una karanga.

Asubuhi moja ya Novemba hakuuliza habari za uji.

"Sarudzai, sakafu imepanda."

Niliingia kutazama. Sakafu ilikuwa nyekundu, inang'aa. Nilikuwa nimeipaka nta jana yake na kuisugua hadi magoti yakauma.

"Iko sawa, Mama."

"Hatua ya nne. Kuna kilima."

Mume wangu, Gwinyai, alikuwa anafunga kamba za viatu. Akacheka. "Mama, sakafu si mkate hata iumuke!"

Mama hakucheka.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Gwinyai alikijenga Agosti, ili mama yake ahame Gokwe aje kuishi nasi hapa nje ya mji wa Kwekwe. Kokoto zilikuwa ghali. Lakini karibu nasi kuna kiwanda kidogo cha kuyeyusha vyuma chakavu, na nyuma yake kuna lundo la mawe meusi. Ni uchafu unaobaki chuma kikishatoka. Tunauita mawe ya tanuru. Gwinyai aliomba, akapewa bure, akajaza mkokoteni wa ng'ombe mara mbili. Akayashindilia chini, akamwaga zege juu. Alijisifu mtaa mzima. Na mimi nilijisifu, nisiseme uongo.

Kila siku Mama alisema kilima kinakua. Gwinyai aliacha kucheka, akaanza kuninong'oneza.

"Ni umri, Mama Tadiwa. Akili inachoka. Labda arudi kwa kaka kule Gokwe, alikokuzoea."

Alisahau kwamba masikio ya Mama hayana kasoro.

"Kama akili zimeniisha, nirudisheni," Mama alisema kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo liliniumiza zaidi. Nilimkuta anakunja nguo zake.

Wiki iliyofuata mlango ulianza kukwama. Ufa mwembamba ukatokea, pale pale kwenye hatua ya nne. Gwinyai akatoa uamuzi wa kifundi.

"Udongo wa chini umekauka. Ukinyweshwa utalala."

Kila jioni akamwaga ndoo mbili za maji kwenye ule ufa. Siku ya tano Mama alijikwaa, akaanguka. Goti likavimba.

Jirani yetu Plaxedes alikuja kumpa pole. Mwanamke huyu alifanya kazi miaka mingi akipima mawe ya kujengea barabara. Sasa amestaafu, analima mboga, ila ulimi wake haujastaafu. Alilaza mpini wa ufagio sakafuni. Mpini ukabembea.

"Mama ana akili kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa," alisema. "Shumba, chini uliweka nini?"

Shumba ni jina la ukoo wa mume wangu. Huitwa hivyo kwa heshima, ingawa siku hiyo heshima sikuisikia.

"Mawe ya tanuru," Gwinyai alijibu.

"Ya zamani au mapya?"

"Mapya. Mengine yalikuwa bado na joto."

"Na maji haya?"

Gwinyai alitazama ndoo. Mimi nilimtazama Gwinyai.

"Basi umeyaandalia karamu!" Plaxedes alisema. "Sikilizeni. Wakiyeyusha chuma hutia chokaa ili ivute uchafu. Chokaa nyingine hubaki ndani ya mawe haya, bado ina kiu. Ikipata maji inavimba. Polepole, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Sarudzai, ukijaza sufuria maharage makavu, ukayaloweka na kufunika, asubuhi kifuniko kiko wapi?"

"Kimeinuliwa."

"Kifuniko ndiyo sakafu yenu."

Gwinyai alichuchumaa mbele ya mama yake. Akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama tunavyoomba radhi.

"Nisamehe, Mama. Ulisema kweli."

"Nilijua nasema kweli," Mama alisema. "Kisha nikaanza kutojua." Machozi yalimtoka. Akayafuta kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akageukia upande wa jirani. "Plaxedes, mawe hayo yana kiu milele?"

"Hapana, Mama. Yakinywa yakatosheka, yanatulia. Ni magumu, mazuri sana kwa barabara na njia."

"Nitajuaje yametosheka?"

Plaxedes alicheka kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alileta makopo mawili. Moja alilijaza mawe mapya yaliyopondwa, jingine mawe yaliyonyeshewa miaka mingi nyuma ya kiwanda. Akayashindilia hadi usawa wa ukingo. Tukayaweka ndani ya maji ya moto kwa siku saba, tukichochea moto mdogo. Kila siku Mama alipitisha kidole juu ya makopo.

"Hili limetulia," alisema siku ya saba. "Hili limepita ukingo."

Tulivunja sakafu. Chini tuliweka kokoto za kawaida, kwa sababu Plaxedes alikataa kabisa mawe ya tanuru yarudi ndani ya nyumba. Yale tuliyoyatoa chini ya sakafu tuliyatandaza nje, mbali na kisima. Tuliyamwagia maji na kuyageuza kila wiki, tumevaa glavu kwa kuwa chokaa huunguza ngozi. Mtoto wetu Tadiwa alikatazwa kuyachezea.

"Na ule mchanga wa migodi ya dhahabu?" Gwinyai aliuliza. "Nao upo bure."

"Usiuguse! Una sumu. Taka zote hazifanani. Uliza na pima kwanza."

Yalikaa nje miezi kumi. Oktoba tulipima tena kwenye kopo. Mama akapitisha kidole mara tatu. "Tayari," alisema. Plaxedes akapima kwa rula, akakubali. Gwinyai akayatumia kutengeneza njia ya kutoka chumba cha Mama hadi chooni. Miaka yote mvua hugeuza ua wetu kuwa tope, na msimu uliopita ilikuwa lazima Mama ashikwe mkono.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Mama alitoka peke yake, peku. Gwinyai alimfuata na mwavuli.

"Rudi ndani, mwanangu. Njia naijua."

Katikati ya njia akasimama. "Gwinyai. Hapa pamenyanyuka."

Safari hii Gwinyai hakubisha. Alitupa mwavuli, akapiga magoti kwenye maji, akapapasa chini ya wayo wa mama yake. Nami nilisimama mlangoni nikitazama.

Akainua kitu. "Ni kokwa la embe, Mama."

"Basi njia ni nzima," Mama alisema, akaendelea kutembea.