Jina Kwenye Jiwe la Wapagazi

Asubuhi hiyo ya mwaka 1955 jua liliwaka vizuri Kalimoni. Mbithe alikuwa akimnyonyesha mwanawe Kaleli. Mama mkwe wake, Kanini, alikuwa akipeta maharagwe mlangoni.

"Mume wangu mlafi huyu," Kanini alitania. "Shiba upesi uje unilimie."

Alimwita mume kwa haki. Mtoto alipewa jina la babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo huko Voi katika vita vya kwanza vya Mjerumani, asirudi. Kaburi lake halikujulikana.

Ndambuki, baba wa mtoto, alichonga mawe machimboni ng'ambo ya mto. Siku hizo walitengeneza mawe ya kusimamishwa kando ya barabara kule pwani, kuwakumbuka wapagazi waliofia njiani. Mchana alirudi akitabasamu.

"Mama, nimemwandika baba. Chini kabisa ya jiwe, kwa siri. Sasa naye ana kaburi."

Ungo ukamponyoka Kanini.

"Jina lina mtu, Ndambuki," alinong'ona. "Yule pale ananyonya. Umemzika yupi?"

Jioni mtoto alishikwa na kiu. Alinyonya mpaka Mbithe akakauka. Akapewa maji, akalilia mengine. Midomo ikapasuka. Kulipokucha, bega lake la kushoto lilikuwa limechubuka, kama lililolaliwa na mzigo.

"Kalifute jina hilo," Mbithe alimsihi mumewe. "Kwa ajili ya Bwana, kimbia!"

Akapiga magoti na rozari yake. Punde sauti ya patasi ikavuka mto.

Ko. Mtoto akashtuka.

Ko. Macho yakamgeuka.

Mbithe alimnyakua, akatoka mbio. "Ndambuki, wacha! Baba Kaleli, wacha!" Ukingoni mto ulikuwa ukinguruma. Ulimeza sauti yake.

Ko.

Kisha kimya. Jina lilikuwa limefutika. Mtoto hakupumua tena.

Walimzika karibu na kanisa. Padre aliomba, Mbithe akaitikia kila sala, maana hakuwa na mwingine wa kumlilia ila Mungu.

Kesho yake alirudi kaburini peke yake. Udongo ulikuwa vilevile, haujafukuliwa. Lakini kuanzia pale, nyayo ndogo za miguu mitupu zilielekea upande wa reli ya kwenda Voi. Nyayo za mtoto ambaye alikuwa hajajua kusimama. Zilikuwa zimezama sana ardhini, kama za mtu aliyelemewa na mzigo.

Mbithe akajaza kibuyu maji, akazifuata akiita.